Kutaja na Kutambua: Uhakiki wa Jina «Kiwavijeshi»

0. Utangulizi

Jina la viwavijeshi lilibuniwa kwa ajili ya mdudu mmoja. Tangu mwaka 2016 limebebeshwa mdudu wa pili, na wote wawili huharibu mahindi, yaani bukari yetu ya kila siku. Makala hii haikusudii kuwafundisha wataalamu wa wadudu kazi yao. Inakusudia kulihakiki jina lenyewe kama mhakiki anavyohakiki matini: linasema nini, linaficha nini, na ni nani anayepata hasara kwa hayo linayoyaficha. Dai letu ni fupi: jina lisilowatenga wadudu wawili haliwezi kuandika kumbukumbu sahihi ya hata mmoja wao.

1. Wadudu wenyewe

Wa kwanza ni Spodoptera exempta, mwenyeji wa Afrika, aliyeelezwa kisayansi na Mwingereza Francis Walker katikati ya karne ya 19. Nondo wake ni mdogo: mabawa yakikunjuliwa, upana wake ni kama sentimeta tatu. Bawa la mbele lina rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, la nyuma ni jeupe lenye mishipa ya rangi nzito. Kiwavi wake hula mimea ya jamii ya nyasi. Makao yake ni mbuga na malisho. Mahindi, mtama, ulezi na mpunga kwake ni nyasi kama nyasi nyingine, ila zimepandwa na mtu.

Wa pili ni Spodoptera frugiperda, mwenyeji wa Amerika. J. E. Smith alimweleza mwaka 1797, katika kitabu kilichohusu wadudu wa Georgia, Marekani. Barani Afrika habari zake za kwanza zilitoka Nigeria, Benin, Togo na São Tomé mwaka 2016. Kwa muda wa miaka miwili hivi akawa amekwisha kuenea karibu katika nchi zote za kusini ya Sahara, Kongo ikiwa mojawapo.

Wadudu hawa ni ndugu, lakini mienendo yao ni mbalimbali. Nondo wa exempta husafiri na upepo, hushuka kwa wingi mvua zinapoanza, na viwavi wao hula kwa muda wa majuma mawili au matatu, kisha hujifukia ardhini na kugeuka pupa. Nondo wapya wakitoka, kwa kawaida huondoka. Frugiperda hana haja ya kuondoka. Palipo na joto na chakula huzaa mwaka mzima, na kiwavi wake huingia ndani ya majani machanga ya katikati ya mhindi, akaziba njia kwa kinyesi chake.

Historia ya kumtambua exempta ina fundisho lake. Viwavi wake wanapokuwa wachache, huwa na rangi ya kijani au ya udongo, nao hujificha katika nyasi. Wanaposongamana huwa weusi juu, na hula hadharani mchana. Mtazamaji angeweza kuapa kwamba ameona wadudu wawili. J. C. Faure, wa Afrika Kusini, alieleza mwaka 1943 kwamba hizo ni hali mbili za mdudu mmoja, mfano wa zile zijulikanazo kwa nzige. Basi zamani kosa lililokuwa karibu ni kumgawa mmoja kuwa wawili. Leo jina letu linatenda kinyume chake: linawafunga wawili kuwa mmoja.

2. Jina na sehemu zake

Tuanze na kiwavi. Neno hili lina undugu na kitenzi wawa, na kwa wasemaji wengi humtaja kwanza mdudu mwenye manyoya ya kuwasha. Viwavi tunaowajadili hapa ni laini, hawawashi. Tena, hapa Katanga viwavi ni chakula. Kibemba huwaita ifishimu, lakini hakiishii hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 juu ya eneo la Kopa, nchini Zambia, unaonyesha kwamba wenyeji humtenga mumpa na chipumi. Sayansi nayo huwatenga, wa kwanza akiwa Gonimbrasia zambesina, wa pili Gynanisa maja. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba lugha zetu haziwezi kutofautisha wadudu. Zinaweza, na zimefanya hivyo pale ambapo mdudu alikuwa na maana katika chungu cha watu. Upungufu wa Kiswahili katika jambo hili hautokani na maumbile ya lugha. Unatokana na wanaolibuni jina kutowauliza wanaomwona mdudu.

Sehemu ya pili ni jeshi. Ni tafsiri ya Kiingereza, kama Kifaransa kisemavyo «chenille légionnaire». Sitiari hii ni nzuri kwa exempta aliyesongamana, kwa kuwa viwavi wake huhama shamba hadi shamba kama askari. Haimfai exempta aliye katika hali ya upweke. Haimfai pia frugiperda tumwonavyo huku mara nyingi, maana yeye hujificha ndani ya mmea. Kwa ufupi, jina linaeleza hali moja ya mdudu mmoja, nalo linatumika kwa hali zote za wadudu wawili.

Ili kuondoa utata, wataalamu wa Afrika Mashariki walimwita mgeni kiwavijeshi vamizi. Nia ilikuwa njema, lakini kivumishi kimeanguka vibaya. Vamizi linataja historia: mdudu ametoka bara jingine. Msikilizaji asiyeijua historia hiyo atalisikia kama maelezo ya tabia, naye atamfikiria mdudu ajaye ghafla kwa wingi kisha akapita. Huyo ni exempta hasa, mwenyeji wetu! Mgeni ndiye anayekaa. Kifaransa hakina nafuu: «d'automne» linatuletea majira yasiyokuwapo kwetu.

Zaidi ya hayo, nondo mwenyewe hana jina. Tunasema «nondo wa viwavijeshi», tukimwita kwa watoto wake kama tunavyomwita mtu mama Fulani. Kwa mtu hiyo ni heshima. Kwa nondo ni hasara, kwani mitego humnasa nondo, haimnasi kiwavi. Na neno nondo limezoeleka pengine: wajenzi hulitumia kwa vyuma vya zege, na wasomaji wa Injili ya Mathayo, sura ya 6, humkumbuka nondo pamoja na kutu kama mharibifu wa mali. Hata huko, anayekula nguo ni kiwavi, wala si yule arukaye. Lugha imemlaumu mzazi kabatini na mtoto shambani, bila kusema popote kwamba ni mdudu wa ukoo mmoja katika hatua mbili.

3. Kumbukumbu ni matini

Kumbukumbu ya nondo ni matini fupi kuliko zote: jina, mahali, tarehe, jina la aliyemkuta, njia aliyonaswa kwayo na mmea aliokutwa juu yake. Kila neno lake lina kazi. Jina likiwa na utata, mengine yote huporomoka, hata yakiwa sahihi.

Chukua mtego wa feromoni, yaani harufu inayowavuta madume. Mtu anaweza kudhani kwamba mtego umekwisha kumtambua mdudu kwa niaba yake. Sivyo. Huko Togo mitego iliyotegwa kwa ajili ya frugiperda ilimnasa pia Leucania loreyi, nondo mwingine wa nyasi. Hesabu ya walionaswa haijawa kumbukumbu mpaka mabawa yatazamwe, na pale ambapo mabawa hayatoshi, mpaka viungo vya uzazi vichunguzwe kwa hadubini. Ndiyo sababu E. S. Brown na C. F. Dewhurst walipoandika mwaka 1975 juu ya jenasi ya Spodoptera katika Afrika na Mashariki ya Karibu, kazi yao ilikuwa ya kutenga kwanza.

Kwa kiwavi pia kuna adabu ya kusoma. Alama ya Y iliyopinduliwa kichoni mwa frugiperda hutajwa sana, lakini peke yake haitoshi, kwa sababu ndugu zake nao wanaweza kuwa na alama inayofanana nayo. Hapana budi kutazama pia madoa manne meusi, yaliyopangwa kama pembe za mraba, katika pingili ya pili kutoka mwisho.

Mtu atapinga: mkulima anahitaji dawa, hahitaji jina. Jibu letu ni kwamba tendo hufuata jina. Akiambiwa «viwavijeshi wameonekana», je, aangalie malisho na kingo za shamba, akijua kwamba shambulio litakwisha baada ya majuma machache? Au afunue majani ya kila mhindi mapema, kabla kiwavi hajazama ndani, na arudie kazi hiyo muda wote mimea inapokua? Tangazo ni moja. Kazi ni mbili. Anayesubiri mgeni apite atasubiri mpaka mavuno, na gunia litampa jibu.

4. Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, jina kiwavijeshi libaki kwa exempta peke yake, ambaye sitiari ya jeshi inamstahili. Pili, frugiperda aitwe kwa alama yake, kwa mfano kiwavi wa madoa manne, ili jina lenyewe limfundishe mtu mahali pa kutazama. Na nondo wa kila mmoja apewe jina linaloungana na la kiwavi wake. Tatu, wanafunzi wetu wa isimu wanaokusanya msamiati vijijini waandike jina la mdudu pamoja na mmea, tarehe na mahali, na waweke mdudu mwenyewe katika spiriti ili mtaalamu amtazame. Orodha ya majina isiyo na mdudu ni nusu ya kazi. Mdudu asiye na jina la wenyeji ni nusu nyingine, na mpaka sasa nusu hizo mbili zinafundishwa katika vitivo viwili visivyotembeleana.