Raia wa Eastlands Katika Vitabu vya Vita

Msomaji kijana, majina ya mitaa ya Eastlands, mashariki ya Nairobi, ni maandishi, na kama maandishi mengine yote yanaweza kusomwa na kuhukumiwa. Kariokor ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililofinyangwa na ndimi zetu. Kikosi hicho kilichukua wanakijiji wa Afrika Mashariki katika vita vya 1914 hadi 1918, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Soko la Burma linakumbuka nchi ya mbali ambako askari wetu walipigana mwaka 1944. Mitaa ya Mbotela na Ofafa inabeba majina ya watu wawili waliouawa wakati wa Hali ya Hatari: Tom Mbotela mwaka 1952, na Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, mwaka 1953. Huyo Mbotela alikuwa wa ukoo wa James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu ambacho huenda babu yako alikisoma shuleni.

Lakini hakuna mtaa unaoitwa kwa jina la tarehe 24 Aprili 1954.

Siku hiyo, Jumamosi, kabla ya jua kuchomoza, maelfu ya askari na polisi waliuzunguka mji kwa amri ya Jenerali George Erskine. Waingereza waliipa kazi hiyo jina la Anvil, maana yake fuawe. Tulipime neno hilo, kwa kuwa kulipima neno ndiyo kazi ya mhakiki. Juu ya fuawe chuma hupigwa mpaka kikubali umbo atakalo mhunzi. Aliyechagua jina hilo alikwisha kuamua kwamba watu waliolala vyumbani mwao ni chuma. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Gunia likitikisa kichwa, mtu hupelekwa upande mmoja. Lisipotikisa, upande mwingine. Watu zaidi ya 20,000 walitiwa kizuizini katika wiki zilizofuata, wakapelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani. Wanawake na watoto kwa maelfu walirudishwa vijijini, wengi wao mahali ambapo hawakuwa na shamba wala paa. Mali iliyoachwa vyumbani ilipotea. Vyumba na kazi zao zikachukuliwa na watu wa makabila mengine, ambao nao walikuwa maskini wenye kutafuta riziki. Uchungu wa jambo hilo haukuisha siku lori zilipoondoka.

Wala usidhani kwamba raia alibanwa na upande mmoja tu. Kabla ya fuawe, wapiganaji walikuwa wamewakataza watu wa mitaa hiyo kupanda mabasi na kuvuta sigara, na aliyeshukiwa kuwa mjumbe wa serikali aliweza kuokotwa maiti asubuhi. Mtu mwenye chumba kimoja Bahati au Pumwani alikuwa na mabwana wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku.

Je, vitabu vyetu vimemwona mtu huyo? Tuanze na Weep Not, Child ya Ngugi wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964. Uwezo wake mkubwa ni kwamba haiwapi nafasi ya kwanza wenye bunduki. Boro anakwenda msituni, lakini mwandishi anabaki uani pamoja na Ngotho, mzee aliyevunjwa mwili kwa kukiri kosa ambalo si lake, na pamoja na Njoroge, mwanafunzi kama wewe, anayetolewa darasani kwenda kuteswa. Kwangu mimi, mateso ya Njoroge ni ya kweli kuliko mapigano yoyote yaliyoelezwa katika riwaya za msituni. Ila Nairobi katika kitabu hicho ni mahali pa mbali. Kori anafanya kazi huko katika mkahawa, na mji unafika nyumbani kama habari tu.

Mau Mau Detainee ya Josiah Mwangi Kariuki, ya mwaka 1963, inatupeleka ndani ya seng'enge za Manyani kwa uangalifu unaostahili sifa. Hata hivyo msimulizi wake ni mtu aliyekwisha kuchagua upande wake, na sauti yake ni ya mwanasiasa anayewatetea wenzake. Mke aliyebaki na watoto kando ya mizigo yao hatumsikii. Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi, ya mwaka 1969, ina fadhila nyingine: iliandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo watu wa mitaa hiyo walisemezana mlangoni, bombani na sokoni, na askari naye aliitumia kuwaamrisha.

Upungufu huu si wetu peke yetu. Katika nchi hiyo hiyo ya Burma wamo watu waitwao Wakareni (usiwachanganye na Karen yetu, yenye nyumba za matajiri). Tangu 1949 sehemu yao imepigana na serikali, na wanavijiji wamechomewa nyumba, wamehamishwa kwa nguvu ili wapiganaji wakose chakula, na wamebebeshwa mizigo ya jeshi. Mjukuu wa mpagazi wa Kariokor angeitambua habari hiyo mara moja. Na aliyehamishiwa katika vijiji vya mahandaki vya mwaka 1954 na 1955, pamoja na wengine zaidi ya milioni moja wa Kenya ya Kati, angeitambua pia. Lakini wengi wetu tunajua majina ya majenerali kuliko ya vijiji.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Mateso ya mwili huacha alama: kovu, mfupa uliovunjika. Mwanamke aliyepandishwa lori akiwa na mtoto mgongoni, akaacha sufuria jikoni, hana kovu la kuonyesha. Habari zake zingali kwa wajukuu wake, na baadhi yao wanaishi Eastlands mpaka leo. Ukienda kuwauliza, chukua daftari, na usianze kwa kuuliza nani alikuwa shujaa. Uliza nani alibaki na ufunguo wa chumba.