Heko kwa fundi ajuaye kuacha
Mwaka 1965, Smith & Wesson ya Marekani ilipotoa Model 60, bastola ya chuma kisichoshika kutu kirahisi, fundi wa silaha alipata kazi ya heshima. Chuma hicho hakina rangi ya juu. Mkwaruzo huondolewa kwa msasa laini, ukifuata mistari ileile ya kiwandani. Wengine watasema, kusugua nani hajui? Sawa, ila fundi huanza kwa kupitisha ukucha: usipokwama, alama ni ya juujuu. Ukikwama, hutazama kwanza maandishi yaliyo jirani, maana msasa ukizidi hula herufi na kulainisha kona, na wakusanyaji wa silaha (watu wagumu hao!) hushusha bei papo hapo. Fundi bora huuacha mkwaruzo wa kina ulio jirani na maandishi kama ulivyo.