Neno na Mwenye Neno: Suala la Uongozi katika Tamthilia ya Kinjeketile

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imezoeleka kusomwa kama sifa ya umoja dhidi ya ukoloni wa Kijerumani. Usomaji huo una msingi, kwani Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 viliunganisha jamii ambazo awali hazikuwa chini ya amri moja. Hata hivyo, sehemu hii inadai kwamba kazi hii inabeba funzo zito zaidi la uongozi: kiongozi huwajibika hata kwa maana ambayo wafuasi wameipa kauli yake.

Ifahamike kwanza kwamba mwandishi, katika utangulizi wake, anamtenga mhusika huyu na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe anayetajwa na historia. Utengano huo una uzito kiuhakiki. Kinjeketile wa historia alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, hivyo hakuuona mwisho wake. Kinjeketile wa Hussein anaachwa hai hadi wapiganaji wanaposhindwa. Kwa badiliko hilo moja, mwandishi anamlazimisha kiongozi kuyatazama matokeo ya neno lake na kuyatolea jibu.

Neno lenyewe lina kasoro tangu mwanzo. Watu wanayapokea maji kwa sababu yanajibu mateso wanayoyajua: njaa, kazi ya kulazimishwa na kudhalilishwa. Lakini katika hali ya kupagawa, Kinjeketile ametamka pia kwamba baada ya ushindi watakuwa chini ya Seyyid Said. Akili inapomrudia, anatambua kuwa kumwondoa mtawala mmoja ili kumpokea mwingine si ukombozi, na anaanza kulitilia shaka neno zima. Anajaribu kuwazuia wapiganaji, lakini amechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki: imani iliyokuwa yake sasa ni mali ya umma, naye mwenyewe anaanza kushukiwa na wale aliowaamsha. Hapa Hussein anaonesha kwamba mamlaka ya kiongozi yanaweza kupungua wakati uleule ambapo ujumbe wake unazidi kupata nguvu.

Mgogoro huu unafikia kilele gerezani. Kitunda, aliyewafunza wapiganaji, anamsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa, kwa hoja kwamba Mjerumani ataigeuza kauli hiyo kuwa ushahidi, na vizazi vijavyo vitaambiwa kuwa kupigania haki lilikuwa kosa. Ni rahisi kuuita uamuzi huu ushujaa na kuishia hapo. Lakini matini hairuhusu wepesi huo. Kitunda si mwoga. Anazungumza akiwa ameteswa, akiwa ameona waliomwamini wakianguka mbele ya bunduki. Ombi lake ni sauti ya waliolipa gharama. Ukiongeza kwamba, katika historia, vifo vingi vilitokana na njaa baada ya Wajerumani kuteketeza mashamba na maghala, gharama hiyo haiwezi kufanywa jambo dogo.

Kwa mtazamo wa utafiti huu, Kinjeketile yuko sahihi kukataa, lakini usahihi huo haumtakasi. Kukataa kwake kunalinda haki ya wajukuu kupigana. Hakuwarudishi waliokwenda vitani wakiamini risasi zitageuka maji. Kauli hizi mbili ni za kweli kwa pamoja, na tanzia ya kazi hii imo katika kutoweza kuifuta mojawapo.

Matokeo yake katika ufundishaji ni bayana. Swali la fasihi linalodai orodha ya sifa za kiongozi bora humfanya mwanafunzi aokote vivumishi: jasiri, mzalendo, mwenye msimamo. Tamthilia hii inastahili swali gumu zaidi: kiongozi anayeshuku neno lake afanye nini pindi watu wamekwisha kulifia? Hussein hatoi jibu. Anamwachia msomaji kiti cha hakimu, na katika kuhukumu ndipo msomaji anapojifunza uongozi.