Mgunga katika Udongo Uliopikwa

Kahama ni nchi ya tumbaku, na kabla ya kusia mbegu, mkulima hurundika mabua na matawi makavu juu ya tuta la kitalu, kisha huyachoma. Moto huo huua mbegu za magugu, minyoo fundo na kuvu zinazolaza miche siku chache baada ya kuota. Tumbaku hufaidika.

Mgunga je? Huko Kahama mti huo hauna budi kuvumilia miezi mingi bila mvua. Kwa mti wa namna hiyo, kupika udongo ni jambo la hatari.

Udongo ukipashwa nyuzi 60 hadi 80 kwa nusu saa, vimelea vingi hufa na baadhi ya bakteria hupona. Ukifikishwa nyuzi 100 kwa mvuke, hufa hata bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Amonia hujilimbikiza, na katika baadhi ya udongo manganizi huyeyuka kwa wingi hadi kudhuru mizizi michanga.

Hasara kubwa zaidi haionekani kwa macho. Mgunga huishi kwa ushirika: bakteria aina ya rizobia hujenga vinundu mizizini na kunasa naitrojeni ya hewani, huku nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko mzizi wowote, zikipenya pasipofikika na kuleta fosforasi. Mche uliokosa washirika hao mara nyingi hudumaa na kugeuka manjano, ingawa hauumwi.

Watafiti hutumia udongo uliopikwa kupima kazi ya viumbe hao. Kiriba kimoja hutiwa konzi ya udongo hai kutoka chini ya mgunga mzee. Cha pili hutiwa konzi ileile, ila imepikwa. Hatua hii ya pili ndiyo roho ya jaribio, maana bila hiyo mtu anaweza kuusifia uhai kumbe ni mboji tu iliyorutubisha mche.

Shinyanga ina ushahidi mpana zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili, malisho yanayofungwa ili yapumzike, zilibaki kama hekta 600. Miaka 15 baadaye zilipita 300,000. Mapori yalikuwa yamefyekwa zamani ili kuwaondoa mbung'o, lakini visiki, mizizi na udongo wake vilikuwa bado hai. Sehemu kubwa ya miti ilichipua humo yenyewe, bila kitalu wala kiriba.

Anayelazimika kupika udongo wa kitalu, basi, auache upoe, kisha akachote konzi chini ya mgunga wenye afya.