Mlima wa Kuelekewa

Kitabu cha Jomo Kenyatta kilichotoka London mwaka 1938 kinaitwa Facing Mount Kenya, na kwa miaka yote niliyokisoma na kukisomesha nimeshikilia kuwa jina hilo lina uzito kuliko baadhi ya sura zilizo ndani yake. Mwandishi hakusema kwamba anaupanda mlima, wala kwamba anaukaribia, wala kwamba ameufikia. Ameuelekezea uso, basi. Tafsiri ya Kiswahili ikaitwa Naushangilia Mlima wa Kenya. Ni jina lenye furaha, nalo liliafiki siku zile za mwanzo wa uhuru, lakini limeacha jambo njiani. Mtu aweza kukishangilia kitu akiwa amekipa kisogo. Hawezi kukielekea kwa namna hiyo.

Naanza na neno kwa sababu wanafunzi wangu wa ualimu, walipotakiwa kuandika juu ya kitabu hiki, karibu wote waliuita Mlima Kenya mahali pa hija, wakamchora Mgikuyu wa kale akipanda kwenda kusali penye theluji. Hakuna picha kama hiyo katika kitabu. Walikuwa wameitoa kwingine: katika Musa na Sinai, labda, au katika kadi za posta. Kenyatta anasimulia jambo lililo kinyume kabisa.

Tuitazame hadithi yenyewe. Ngai, Mgawaji wa ulimwengu, anaufanya mlima uwe mahali pake pa kupumzikia anapozuru nchi, na uwe ishara ya maajabu yake. Anamchukua Gikuyu hadi kileleni, anamwonyesha uzuri wa nchi aliyompa, mabonde, mito, misitu na wanyama, kisha anamwonyesha kwa mbali mahali penye mikuyu mingi na kumwambia ashuke akajenge huko. Huko ndiko Mukurwe wa Gathanga, na huko Gikuyu anamkuta Mumbi. Kabla hawajaagana anapewa agizo: ukipatwa na shida, toa sadaka, inua mikono kuuelekea mlima, nami nitakuja kukusaidia.

Msomaji atazame safari hii inakwendaje. Katika hadithi nyingi za milima mitakatifu mwanadamu huanzia chini, akatoa jasho, akafika juu, akapata alichokitafuta. Hapa mwanadamu anaanzia juu. Kileleni amefikishwa na Mungu mwenyewe, mara moja tu, na kilichobaki maishani mwake ni kushuka, kulima, kuoa na kuzaa. Wala hakuamriwa arudi. Mumbi alipozaa mabinti tisa bila mwana wa kiume, Gikuyu hakufunga safari ya kupanda. Alimlilia Ngai, akaambiwa achukue mwana-kondoo na mwana-mbuzi, awachinje chini ya mkuyu mkubwa ulio karibu na boma lake, amwage damu na mafuta kwenye shina. Vijana tisa aliowaomba aliwakuta pale pale chini ya mti. Mungu ndiye aliyefanya safari.

Kwa hiyo neno hija, ambalo tumelipata kwa ndugu zetu Waislamu, linafaa hapa kwa sharti moja. Wajuzi wa Kiarabu husema asili yake ni kukusudia, kukielekea kitu kilichotukuka. Kwa maana hiyo ya asili, naam. Kwa maana ya kufika na kugusa, hapana. Kama ni kuazima, heri tungeazima neno kibla.

Ukurasa ninaoupenda kuliko zote hauko katika sura ya asili ya kabila bali katika ile ya dini, pale Kenyatta anapoeleza ibada ya kuomba mvua. Mvulana na msichana wadogo, ambao umri wao haujawatia doa, wanatangulia wakibeba vibuyu, kimoja cha maziwa na kimoja cha pombe ya asali. Nyuma yao yuko mwana-kondoo wa rangi moja, kisha wazee. Wanatoka nyumbani, wanakwenda kwenye mugumo, yaani mkuyu mtakatifu, wanauzunguka, wanamimina, na mzee anainua mikono kuuelekea mlima. Hiyo ndiyo hija yao, mwendo mfupi tu. Kenyatta anaongeza kwamba katika ibada aliyoishuhudia mwenyewe mvua kubwa iliwanyeshea kabla ya moto wa sadaka kuzimika. Profesa wake, Malinowski, aliyekiandikia kitabu utangulizi, alikuwa bingwa wa kueleza kazi ya ibada katika jamii. Mwanafunzi, badala ya kueleza, alitoa ushahidi kwamba alilowa. Hapo nasikia sauti ya mtu, si ya chuo kikuu.

Tena sura hiyo inatufundisha kwamba Ngai hasumbuliwi. Mtu mmoja na haja zake ndogo hana njia ya kumwendea peke yake. Jamaa nzima huomba pamoja, na kwa mambo makubwa tu, kama kuzaliwa, kuoa, ukame na tauni. Linganisha na mhujaji wa siku hizi mwenye mfuko mgongoni, anayepanda ili ajitafute nafsi yake. Wazee wale wangemwona mtovu wa adabu.

Hata hivyo sikubaliani na Mzee Kenyatta katika kila jambo. Mwaka 1938 alikuwa na kesi ya kuitetea. Alikuwa ametumwa London na chama cha Wakikuyu kudai ardhi, na Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Carter ilikuwa imekwisha kutoa taarifa yake mwaka 1934 bila kuwaridhisha wenye mashamba. Kwa hiyo anapoandika kwamba Ngai alimwonyesha Gikuyu nchi kutoka kileleni na kumpa, hatuna budi kusikia pia wakili akiweka hatimiliki mezani. Simlaumu kwa hilo; walioshika mashamba walikuwa na karatasi zao, naye alikuwa na mlima. Lakini hati ina tabia yake. Hati haitaji majirani ila kwa mipaka.

Na majirani wapo. Mlima huo huo Wameru wanauita Kirimaara, na masimulizi yao ya asili hayaanzii kileleni hata kidogo. Wao wanasema walitoka Mbwaa, katikati ya maji, wakikimbia utumwa wa watu wa nguo nyekundu, wakavuka bahari, wakatembea vizazi hadi wakafika miteremkoni. Kwao mlima ni mwisho wa safari, si mwanzo. Waembu wana baba na mama yao, Mwenendega na Nthara, na kichaka chao kitakatifu karibu na Runyenjes. Hata vilele vimepewa majina ya malaibon wa Kimaasai, Batian, Nelion na Lenana, na aliyeyapachika ni Mwingereza, Mackinder, aliyekuwa wa kwanza kuandikwa kuwa amekifikia kile cha juu, mita 5,199, mwaka 1899. Nilipofundisha sura hii darasani mwenye watoto wa pande zote za mlima, ilinibidi niyaweke masimulizi haya kando ya lile la Kenyatta. Mwalimu atakayelisoma lake pekee atampeleka nyumbani mtoto wa Kimeru akidhani babu yake ni mpangaji.

Kitabu cha pili ambacho nilikuwa nikiwapa wanafunzi ili wapambanue ni cha Mwitalia Felice Benuzzi, No Picnic on Mount Kenya, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1952. Benuzzi alikuwa mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki. Alifika msimu wa mawingu, na siku moja pazia likafunguka akauona mlima. Januari 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka na vyuma vya barafu walivyojitengenezea kwa mabati na vyuma chakavu. Ramani yao ilikuwa picha ya mlima iliyobandikwa kwenye mkebe wa nyama. Batian iliwashinda. Walifika Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha wakateremka na kujirudisha kambini wenyewe, wakafungwa kifungoni kwa kosa hilo. Ni kitabu cha kuchekesha na chenye uungwana, na mwandishi, sharti niseme kweli, aliuelekea mlima kwa moyo wa ibada kuliko wahujaji wengi. Ila jicho lake halikuona mtu. Msitu wake una tembo na chui; wenye kusali chini ya msitu hawamo. Na alipofika juu, akaacha bendera. Mwaka 1963, usiku wa uhuru, nasi tulimtuma Kisoi Munyao kupandisha yetu pale pale Lenana. Nililishangilia tendo hilo na bado nalishangilia. Lakini tulilijifunza kwa Mackinder, si kwa Gikuyu.

Aliyejaribu kuzipatanisha njia hizi mbili ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Katika utenzi wake wa uzeeni, Kenda Mũiyũru, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 2020 kwa jina la The Perfect Nine, anawatuma wachumba wa mabinti wa Gikuyu kwenye safari ya mlimani, ya hatari na mazimwi. Wengi wanakufa au wanakata tamaa. Wanachofuata si kilele: ni dawa ya binti wa kumi, Warigia, ambaye miguu yake haimwezeshi kwenda. Sehemu za mazimwi naona ndefu mno. Lakini wazo la kwamba mtu anapanda kwa ajili ya aliyebaki nyumbani ni wazo kubwa, na Kenyatta hakulifikia.

Limebaki suala la theluji. Kenyatta analifasiri jina Kirinyaga kuwa mlima wa mng'aro, na wengi wetu tumeuchukua mng'aro huo kuwa ni barafu. Barafu inakwisha. Ile iitwayo Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza kiasi cha sehemu tisa kwa kumi za ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na inaendelea kupungua. Mwanafunzi mmoja aliniuliza zamani kama Ngai atahama. Nilimrudisha kwenye kitabu, kwenye maombi ya mzee mwenye mikono juu. Baada ya Kirinyaga upande wa kaskazini, mzee huyo anageukia Kilimambogo, kisha Ngong, kisha Nyandarua, na milima hiyo mitatu haina theluji.