Moonchild na Dakika Zinazofukuza Wageni

Mtu akiuliza aanzie wapi kusikiliza roki progresivu, jibu humfikia kabla hajamaliza swali: In the Court of the Crimson King, albamu ya kwanza ya King Crimson, Oktoba 1969. Jibu hilo lina ukweli mpaka santuri igeuzwe. Upande wa pili una kosa la wazi, na kosa hilo limetetewa kwa zaidi ya miaka 50 kana kwamba ni hekima ambayo sisi wengine hatujaifikia. Nauzungumzia uamuzi wa kuiacha "Moonchild" iende dakika 12 na sekunde 13.

Mnaijua. Wimbo wenyewe unamalizika kabla ya dakika ya tatu. Greg Lake anaimba polepole, kinanda cha Mellotron cha Ian McDonald kimetanda nyuma yake, Michael Giles anagusa matoazi kwa mkono mwepesi, na gitaa la Robert Fripp linalia kwa mbali. Ni wimbo mzuri, tena mzuri sana. Vincent Gallo alipoutumia katika filamu yake ya Buffalo '66 mwaka 1998, Christina Ricci akicheza peke yake ukumbini, kilichosikika ni sehemu hii ya kuimbwa. Mwongozaji yeyote mwenye masikio angefanya hivyohivyo.

Kisha Lake ananyamaza na unaanza upigaji wa papo kwa papo: gitaa, vibrafoni na dramu, zaidi ya dakika tisa.

Sikilizeni kinachotokea humo. Besi haipo, kwa hiyo chini hakuna kitu. Fripp anaachia noti tatu nne za kijazi, sauti ameishusha karibu na sifuri. McDonald anamjibu kwenye vibrafoni kwa noti tatu nne. Giles anagonga ukingo wa snea, anaburuza kidogo kwenye toazi, ananyamaza. Fripp anaachia nyingine tatu. Ukimya. Vibrafoni. Ukimya. Kwenye dakika ya sita wako palepale walipokuwa kwenye dakika ya nne, na kwenye dakika ya tisa hawajasogea. Upigaji wa papo kwa papo unaishi kwa uchokozi. Lazima mmoja abadili kasi, au apandishe sauti, au ang'ang'anie noti moja mpaka wenzake wamfuate au wampinge. Hapa wote watatu wana adabu mno, wamesimama mlangoni kila mmoja akimpisha mwenzake, na chumbani haingii mtu. Wakielekea mwisho Fripp anadokoa "The Surrey with the Fringe on Top", kibao cha mchezo wa jukwaani wa Oklahoma!. Mpigaji aliyeishiwa ya kwake huanza kuazima ya wengine.

Watetezi wana hoja moja, nayo naiheshimu kuliko wanavyodhani. Wanasema ukimya huo ndio unaoupa nguvu wimbo unaofuata: bila hizo dakika tisa, Giles asingetushtua anapofungua "The Court of the Crimson King", wala ile Mellotron isingeshuka kwa uzito ule. Ni kweli kwamba kishindo kinahitaji ukimya mbele yake. Lakini sikio huzoea ukimya ndani ya dakika moja na nusu, mbili zikizidi. Baada ya hapo msikilizaji hasubiri tena. Ameshaondoka, yuko jikoni, na kishindo kinampata akiwa na sufuria mkononi.

Kwa maoni yangu sababu halisi iko kwenye hesabu za santuri. Upande wa kwanza una "21st Century Schizoid Man", "I Talk to the Wind" na "Epitaph", jumla dakika 22 na ushei. Upande wa pili, ukiitoa ile sehemu isiyoimbwa, unabaki na dakika kama 12 tu. Palikuwa na pengo, na pengo likazibwa kwa kuwasha mashine na kuona kitakachotokea. Siwalaumu kwa kujaribu. Nawalaumu kwa kuacha jaribio zima kwenye albamu, kwa sababu vitu vya kuziba pengo walikuwa navyo. Tarehe 5 Julai 1969, walipofungua jukwaa la Rolling Stones pale Hyde Park mbele ya umati wa mamia ya maelfu, walipiga "Mantra" na "Travel Weary Capricorn". "Drop In" nayo waliipiga jukwaani mwaka huohuo. Vipande hivyo havikuwa takataka, na Fripp mwenyewe anatoa ushahidi: "Drop In" aliifumua akaitengeneza upya kuwa "The Letters" kwenye Islands, 1971, na ile sauti ya "Mantra" ikaibuka tena ndani ya "Exiles" mwaka 1973. Mtu harudi miaka minne baadaye kuokota kitu kisichofaa.

Hapa nalirudia neno langu la siku zote, na wanaolichoka wanivumilie: bendi changa inahitaji prodyuza mwenye mkasi. King Crimson walianza kurekodi na Tony Clarke, mtu wa Moody Blues, mambo hayakwenda, wakaamua kujiongoza wenyewe pale studio za Wessex, London. Kwa sehemu kubwa ya albamu walifanya vyema ajabu kwa vijana wasio na mtu mzima chumbani. Ila kwenye "Moonchild" hapakuwa na mtu wa kusema, "Jamani, nimeshasikia, tukate hapa." Linganisheni na Eddy Offord, prodyuza wa bendi ya Yes. Mwaka 1972 Yes walimletea "Close to the Edge" vipande vipande, naye akakata utepe na kuunga, akakata na kuunga, mpaka zikasimama dakika 18 na sekunde 42 ambazo hata sekunde tano huwezi kuzitoa bila jengo kuyumba. Offord hatajwi inavyostahili. Wanasifiwa wapiga vinanda.

Na wasituambie kwamba msikilizaji wetu anaogopa urefu. Mtu aliyelelewa na Franco na TPOK Jazz haogopi wimbo wa robo saa. "Mario" ya 1985 tumeicheza yote, na tukaomba irudiwe. Anachojua mtu huyo ni kwamba maneno yakiisha, sebene inapoingia lazima kitu kipande: gitaa la kwanza linabadili mzunguko, la pili linalijibu, besi inasukuma, na dakika ya kumi haifanani na ya saba. Kwenye "Moonchild" maneno yanaisha, halafu kila kitu kinashuka na kubaki chini. Mgeni wa namna hiyo akiondoka, ameondoka kwa kuwa sikio lake limefunzwa vizuri.

Sisemi albamu nzima ni mbovu: upande wa kwanza umefanywa sawasawa, kuanzia zile noti za haraka za "Schizoid Man" ambazo gitaa, saksofoni, besi na dramu zinatua pamoja na kukatika pamoja, hadi mwisho wa "Epitaph".

Kinachoniuma zaidi ni Giles. Namweka juu ya karibu kila mpiga dramu aliyekuja baada yake katika muziki huu, na hawa wa leo wenye dramu mbili za miguu zinazotatarika kama kasi ndiyo muziki, hawamfikii. Sikilizeni anavyojaza nafasi kati ya mistari ya kuimbwa ndani ya "Epitaph": kila mjazo ni tofauti na uliotangulia, na hakuna hata mmoja unaomkanyaga Lake. Kikosi kile cha wapigaji wanne pamoja na mtunzi wa maneno Peter Sinfield kilitoa albamu hii moja tu. Desemba mwaka huohuo, ziarani Marekani, McDonald na Giles waliamua kuondoka; mwaka uliofuata Lake naye akaenda kuanzisha Emerson, Lake & Palmer. Kwa hiyo dakika 44 ndizo pekee walizotuachia kutoka studio wakiwa pamoja, na zaidi ya moja ya tano ya dakika hizo Giles anagonga ukingo wa snea akingoja mtu aseme neno.

Kwamba upigaji wa papo kwa papo unaweza kufana, Fripp aliwaonyesha watu miaka minne baadaye akiwa na kikosi kingine. Chukueni "Trio", kwenye Starless and Bible Black ya 1974. Ilibuniwa papo hapo jukwaani, Concertgebouw, Amsterdam, tarehe 23 Novemba 1973. Nayo ni ya polepole, nayo ni ya chini, lakini fidla ya David Cross ina wimbo ndani yake, besi ya John Wetton inaipa pa kusimama, na Mellotron ya Fripp inaingia pale inapohitajika tu. Bill Bruford hakupiga hata pigo moja, alikaa na fimbo zake kifuani, na bado jina lake likawekwa kati ya watunzi kwa sababu kunyamaza kwake kulikuwa uamuzi wa kimuziki. Yote hayo yamekwisha chini ya dakika sita. Hata "Providence" kwenye Red, ambayo sikuwahi kuipenda sana, dakika zake za mwisho Wetton anaishika shingoni na kuivuta mbele. Kuna anayesogea.

Na kama bado mnaona nimemwonea mtu, mtazameni tena Fripp. Mwaka 2009 alipokaa na Steven Wilson kuichanganya upya albamu kwa toleo la miaka 40, aliikata "Moonchild" ikabaki takriban dakika 9. Ile nzima waliiweka pembeni kama nyongeza. Kwa mtu anayelinda kazi yake kama Fripp, hilo ni kukiri. Ila dakika 9 bado ni nyingi. Mimi ningeacha ule wimbo, kisha dakika moja ya vibrafoni, kisha Giles afungue mlango wa "The Court". Pengo la upande wa pili ningelijaza kwa "Drop In", hata ikiwa bado haijaiva.

Basi mgeni aanzie wapi? Mpeni Red, 1974. Nyimbo tano, na ya mwisho ni "Starless", dakika 12 na sekunde 18, karibu sawa kabisa na "Moonchild". Katikati yake Fripp anapiga noti moja kwa muda mrefu, halafu anaipandisha kidogo, halafu tena kidogo, na Wetton na Bruford chini yake wanakaza kamba mpaka mtu anasahau kuvuta pumzi. Hapo ndipo mnaweza kumrudisha 1969, toleo la 2009 likipatikana. Kwa Yes, Fragile kabla ya Close to the Edge. Kwa Genesis, Selling England by the Pound, bila mjadala. Na wale mnaomkabidhi mtoto wa watu Tales from Topographic Oceans siku ya kwanza, pande nne na dakika 81, kisha mnasema hana sikio: mngepewa ninyi hiyo siku yenu ya kwanza, leo mngekuwa mashabiki wa kitu kingine kabisa.