Jeni iliyofungwa si jeni iliyoungua

Ukitoka katikati ya Nairobi kuelekea Upper Hill utafika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambayo enzi za mkoloni iliitwa King George VI. Miaka ya 1960, daktari wa masikio, pua na koo, Peter Clifford, aliwatibu hapo watoto waliovimba taya kwa saratani ya Burkitt. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi Stockholm, kwa George na Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska.

Mara nyingi uvimbe huo hubeba virusi vya Epstein-Barr. Mbona basi kinga ya mwili haiuoni? Majibu ni mawili, na watu huyachanganya.

Seli za Burkitt za ukoo uitwao Daudi, zilizotoka kwa mgonjwa wa Kenya mwaka 1967, hazina juu yake HLA ya daraja la kwanza, vile vibao ambavyo seli-T za kinga husoma. Herufi moja tu imeharibika mwanzoni mwa jeni ya beta-2 mikroglobulini, protini ambayo vibao hivyo huihitaji ili vifike juu ya seli. Hilo ni duka lililoungua. Katika seli nyingine za Burkitt, ziitwazo Rael, jeni za virusi ni nzima, ila zimetiwa kufuli za methili kwenye herufi C inayotangulia G. Seli ikigawanyika, kimeng'enya DNMT1 husoma uzi wa zamani na kutia kufuli zile zile kwenye uzi mpya.

Mwaka 1989 mtafiti Maria Masucci na wenzake walizipa seli za Rael azasitidini. Ufundi wenyewe uko hapa: dawa hii haivunji kufuli. Ni C bandia. Seli huiingiza kwenye uzi mpya, DNMT1 huigusa, kisha hunasa kama kwenye ile gundi ya panya inayouzwa na wachuuzi mjini. Fundi wa kufuli akinaswa, uzi mpya hubaki wazi. Ndiyo maana seli isiyogawanyika haifunguki. Awali Rael ilionyesha EBNA-1 pekee, protini inayokwepa seli-T kwa ustadi. Baada ya dawa, protini nyingine za virusi, EBNA-2 hadi EBNA-6 na LMP, zikajitokeza.

Shida ni kwamba azasitidini haichagui duka. Hufungua hata yale yaliyofungwa kwa sababu nzuri. Mwaka 2004 ilithibitishwa kwa wagonjwa, wakiwamo wa saratani ya nyuma ya pua, kwamba baada ya dawa hii methili hupungua kwenye DNA ya virusi ndani ya uvimbe. Hayo ni mafanikio ya utafiti, si tiba. Burkitt ingali ikitibiwa kwa saiklofosfamaidi, dawa ambayo Clifford mwenyewe aliwapa wagonjwa wake Nairobi.